Siku Tulipomwitikia Baba wa Kwenye Kaseti

Nimekaa wiki mbili bila kuliandika hili, kwa sababu kila nikishika kalamu masikio yanawaka moto, lakini hata nisipoandika watu wote wa kijiji chetu cha Mapera wanalijua, na yule mama muuza maandazi akiniona barabarani ananiitikia "Milele, amina!" kabla sijafungua mdomo.

Ilikuwa siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Baba, mwaka mmoja tangu afariki. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kihagara kule ziwani, akapangiwa kufundisha huku milimani, akaoa huku, hakurudi tena. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alifuga nyuki, alichora ndege kwenye madaftari ya hesabu, alipuliza filimbi, alitengeneza redio za watu (nyingine zilipona, nyingine zikawa vipuri), na tangu aliponunua redio kaseti, msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja, alirekodi kila kitu, hadi mvua juu ya bati.

Mama aliandika wasifu wa marehemu, kurasa mbili, akasema nitausoma mimi kwa kuwa niko kidato cha tatu. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali nasema "sijui" hata kama najua, ili nikae haraka. Asubuhi ya siku yenyewe nikapata akili (ndiyo iliyoniponza): kabatini kwa Baba kulikuwa na kaseti yenye mwandiko wake, "Maneno ya kuaga". Nikajua ni hotuba yake ya kustaafu, nikajiambia si bora watu wamsikie mwenyewe kuliko kunisikia mimi nikitetemeka? Wala sikuijaribu kwanza, niliogopa kumaliza betri.

Baada ya misa tukarudi nyumbani, uwanja ukajaa, mbele wakakaa Padri, Mwenyekiti wa kijiji na Mama. Nikaitwa. Nikaweka redio mezani, nikasema kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, "Baba atasema," nikabonyeza.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

Alikuwa Baba mwenyewe, sauti yake ileile ya darasani, na uwanja mzima ukaitikia "Milele, amina!" kabla mtu hajakumbuka anamwitikia nani. Bibi mmoja akapiga yowe, kikombe cha togwa kikamtoka. Halafu Baba akasema, "Darasa, simama!" na haki ya Mungu nusu ya uwanja wakasimama, watu wazima na vipara vyao, hata Mwenyekiti mwenye nyonga mbovu, maana wote aliwafundisha yeye. Wakacheka, wengine wakafuta machozi, nami nikaanza kufikiri labda nimefanya jambo jema.

"Hapo watacheka," Baba akaendelea. "Halafu nimshukuru Mwenyekiti. Nimwite ndugu, Mama Imelda, au nimwite nyegere? Maana asali ya mizinga ile miwili namjua aliyeila."

Ndipo nikaelewa. Haikuwa hotuba, alikuwa anafanya mazoezi jikoni, na Mama alisikika nyuma yake akicheka (Mama wa kwenye kaseti, Mama wa kwenye kiti alikuwa amejifunika uso kwa kanga).

Nikatafuta kitufe cha kuzimia. Kumbe kiling'oka zamani, Baba alikuwa anazima kwa msumari wake maalumu, na msumari uko wapi sijui.

"Imelda, zima!"

"Mama, haizimiki!"

"Mwacheni Mwalimu aseme," Mwenyekiti akadakia, bado kasimama. "Sisi manyegere tunasikiliza."

Watu walicheka mpaka Padri akainama. Sauti ya Baba ikashuka. "Mama Imelda, hii siiwezi. Watoto nawaweza, hata mia. Lakini watu wazima wakinitazama, magoti yanatetemeka, tazama. Natamani..."

Kwa hofu asije akamtaja mwingine, nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Kimya. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Macho yote yakanigeukia. "Haya binti, soma basi," Padri akasema. Nikatoa karatasi za Mama mfukoni mwa sketi, nikasoma. Nilitetemeka, nikasema "alifuga nyoka" badala ya nyuki, lakini nilifika mwisho, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusikia kwamba na yeye magoti yalikuwa yanamtetemeka.

Wageni walipoondoka nikairudisha kaseti nyuma nisikie Baba alitamani nini. "Natamani..." halafu mkwaruzo, halafu sauti nyembamba ya msichana: "Marehemu Mwalimu alizaliwa Kihagara..." Vile vitufe vyote, kumbe na cha kurekodi kilikuwamo! Nimemfuta Baba, nikajirekodi mimi.

Nilimwendea Mama nikilia, nikamwuliza kama anakumbuka. Akafikiri sana.

"Chai, nadhani," akasema. "Baba yako alikuwa anatamani chai saa zote."

Jana nimeuona msumari, ulikuwa ndani ya kopo la kufukizia nyuki. Nimevunja nao vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti, ili asirekodi mtu tena juu yake. Na nikiambiwa nisome nitasoma, sitamtuma marehemu tena. Kaseti imebaki hivyo: anatetemeka yeye, halafu natetemeka mimi.