Leo Nimeingilia Mkutano wa Watu wa Kompyuta

Leo nimewashauri watu wa kompyuta, na kompyuta sijawahi kuigusa.

Nilikuwa napaka rangi korido ya jengo moja hapa Nyamira mjini. Chumba cha pili, vijana wanne walikuwa wanapanga toleo jipya kubwa la lugha yao ya kuandikia programu. Mlango wazi, na brashi haizibi masikio.

Mmoja akasema, "Toleo hili lisielewe tena amri za zamani. Tuanze upya."

Dada aliyekuwa ubaoni akauliza, "Na yule mwalimu wa Sironga anayetumia lugha yetu? Programu yake yote ni amri za zamani."

"Ajifunze mpya."

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Msizifute."

Wakageuka wote. Rangi inadondokea kiatu changu.

"Fundi, kumbe wewe ni mwenzetu?"

"Mimi niliishia darasa la sita. Lakini mama yangu huko Kitui alijenga nyumba mpya, na ile ya zamani hakuibomoa. Alisema nikirudi nikute mlango ninaoujua. Huu ni mwaka wa nne sijarudi."

Hakuna aliyecheka. Dada akaandika ubaoni: za zamani zibaki.

Nyinyi mlio mbali na kwenu, hebu pigeni simu muulize kama chumba chenu bado kipo, kisha mniambie. Mimi nilipiga saa ya chai, nikaulizia ile nyumba ya zamani.

"Ipo," mama akasema. "Mbuzi wanalala humo. Lakini kila jioni nawaambia ina mwenyewe."