Nilimpulizia Pumzi Mwanaume Asiye Wangu, Sasa Ndoa Yangu Inayumba

Admin, nifichie jina, maana Waswahili wa Guangzhou tunajuana mpaka sufuria. Nina miaka thelathini na moja, naishi na mume wangu hapa mtaa wa Dengfeng. Yeye anasafirisha vitambaa vya soko la Zhongda kwenda Dar, mimi nawapikia wafanyabiashara.

Mdogo wangu Sele alifia hapa kwa unga, heroini. Wenzake walimmwagia maji, wakamnywesha maziwa naye hajitambui, kisha wakakimbia kwa sababu viza zao zilikuwa zimekwisha. Nyumbani tulisema ni presha. Mama anaamini mpaka leo, na roho inaniuma.

Baada ya msiba, Kaka Musa, aliyekuwa teja akaacha, alianza kutufundisha sisi tunaoishi na watumiaji. Alisema mtu akizidiwa na unga, usimnyweshe kitu. Mwite, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni, akianza kuhema mlaze ubavu. Tulijifunzia sebuleni kwangu, kwenye sanamu la kuvalishia magauni tulilolitoa soko la nguo la Liuhua. Wanaume walitaniana, "Mchumba gani huyu, baridi hivi," lakini wote walipuliza.

Wiki iliyopita, mchana, nikagongewa mlango. Jirani wa juu kaanguka, midomo ya bluu, anakoroma kwa shida. Wenzangu wa mafunzo wamesimama tu. "Mwanaume mwenzangu nimwekee mdomo? Siwezi," mmoja akasema. Nikapiga magoti nikampulizia mimi, huku nalia, namwona Sele. Mwishowe akahema.

Kufika jioni mtaa mzima unasema nimekula denda na teja. Mume wangu hakupiga kelele. Alisema, "Ukiweka tena mdomo wako kwa mwanaume mwingine, hiyo ndiyo talaka yako." Kaka Musa alikuja kumwelewesha, akaambiwa asikanyage tena kwetu.

Mume wangu nampenda, jamani. Lakini kuna jambo hataki kulijua. Mdogo wake alikwenda Dar akaacha unga, sasa amerudi, analala sebuleni kwetu. Kaka Musa alituambia anayeacha, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, ndiye anayekufa upesi. Jana nilimkuta shemeji anasinzia na kijiko cha wali mkononi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikamwambia mume wangu. Akajibu, "Mwache, ni uchovu wa safari."

Naandika haya nikiwa jikoni. Mume wangu yuko sokoni, simu hapokei. Shemeji yuko sebuleni, namsikia anakoroma, na ule mkoromo naujua. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla hajanyamaza?