Mstari Mtupu wa Neema

Sisi tuliokulia Chome, milimani juu ya Same, enzi za kibatari tunajua kwamba peni haikuwa kitu cha kuchezea. Tulianza shule na penseli iliyokatwa vipande viwili, nusu yako, nusu ya ndugu yako, nawe unaivaa shingoni kwa uzi. Kijana wa leo akipoteza chaja anaona amefiwa. Angepoteza nusu penseli ya mama yangu ndipo angejua msiba.

Peni ya Babu ilikuwa nyingine kabisa. Nyeusi, ya Kijerumani, zawadi ya mchungaji mgeni ambaye Babu alimjengea jiko. Ulichovya nibu, ile ncha ya kuandikia, kwenye chupa, ukazungusha kitako, na pistoni ikavuta wino kwa sauti ndogo kama mtu anayeonja uji. Babu aliitumia kwa kazi moja tu: kuandika majina ya wajukuu nyuma ya Biblia ya ukoo. Akimaliza anasema, "Biblia haifungwi wino ukiwa mbichi." Nasi tunasimama pale, harufu ya makande ikitutesa, mpaka ukauke.

Nilipokuwa na miaka tisa niliijaza maji ya matunda meusi ya kando ya msitu wa Shengena, nione kama itaandika zambarau. Iliandika vizuri sana. Nikairudisha kwenye boksi lake bila kuisafisha. Miezi michache baadaye akazaliwa Neema, mdogo wetu wa mwisho, na pistoni ilikuwa imeganda. Babu akaikataa peni ya dukani. Aliacha mstari wa Neema mtupu, akafariki ukiwa bado mtupu. Nami nilinyamaza.

Nimezunguka sana tangu hapo: Tunduma, Mwanza, Mtwara. Mwezi huu nimepanda tena kutoka Same kwa sababu mtoto wa Neema anabatizwa, na Mama ameweka sharti.

"Ataandikwaje chini ya mama yake wakati mama yake hayumo?" Akanikabidhi boksi la peni ya Babu. "Una mpaka Jumapili."

Niliiloweka siku mbili kwenye maji baridi yenye tone la sabuni, maana ya moto yangeikunja. Maji yakageuka zambarau. Neema alikuwa kando yangu, ananyonyesha.

"Kaka, huo ni wino gani?"

"Si wino, ni matunda. Niliweka mimi, nikiwa mdogo."

"Yaani utoto wangu wote mnaniambia niliokotwa gulioni Same, kumbe mwizi wa jina langu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ukiivunja, usishuke Same. Hamia huko huko msituni."

Sikuivunja. Kizibo cha pistoni kilikuwa kimeoza, nikachonga kingine kutoka kizibo cha chupa ya divai ya kanisani, nikakichemsha kwenye nta ya nyuki. Nikazungusha kitako taratibu. Ikavuta, kwa sauti ile ile.

Jumapili asubuhi nilimwandika Neema kwenye mstari wake, kisha mwanawe chini yake. Kabla sijainua mkono, mpwa wetu mmoja alishapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Siku hizi jina linafika Dar halijakauka Chome.

Kengele ya kanisa ikalia. Mama akanyoosha mkono kuifunga Biblia, tuondoke. Neema, ambaye Babu alifariki hata hajaanza kutembea, akauzuia.

"Mama, bado mbichi."

Tukasimama wote, tukisubiri ukauke.