Nilimkosea Baba kwa Sababu ya Tokeni

Siku tisa baada ya kumzika baba, nilipigiwa simu na mtu aliyekuwa anamtafuta baba huyo huyo.

Alikuwa na habari njema.

Naitwa Karwitha. Nina saluni hapa Kiwanjani, Isiolo, na nyuma yake ndiyo nyumba. Baba, Mzee Gitobu, aliteremka kutoka milimani kuishi na mimi kwa sababu ya kifua. Huku kwenye joto alikuwa analala bila kukohoa.

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikuja na mashine yake. Nikamwambia asiiwashe, itanimalizia stima. Akakubali.

Stima yetu tunanunua kwa kakampuni kamoja ka sola mtaani, unalipa kwanza, unapewa tokeni za kuingiza kwa mita. Mwaka jana tokeni za mwezi zikaanza kuisha kwa wiki. Wateja wanabaki na nywele mbichi, draya imezima.

Nikajua ni baba. Sikumwona. Nilijua tu.

Siku moja nikamkuta anapanguza mashine vumbi. Nikamwaga yote mbele ya wateja, kwamba anachomelea watu kisiri na kunikausha.

Hakupandisha sauti. "Karwitha, sijaiwasha hata siku moja."

"Basi hiyo stima inakulwa na nani?"

Kesho yake alirudi milimani. Sikumzuia.

Tokeni ziliendelea kuisha vilevile. Niliona. Lakini kumpigia ilikuwa ni kukubali nimekosa, nikanyamaza.

Mwezi wa saba, na ile baridi ya huko milimani, kifua kikambana. Nilifika hospitali nimechelewa.

Sasa ile simu. Alikuwa Mawira, wa kampuni ya stima. Akasema mita yangu ilikuwa mbovu, ilikuwa inahesabu mara nne, na wananirudishia pesa yote. Nikashangaa, kwa sababu mimi sikuwahi kulalamika.

"Ni mzee wako alilalamika," akasema. "Alikuwa anakuja ofisini kila Jumatatu. Alipohama akawa anapiga simu. Alituomba tukipata kosa tumwambie yeye kwanza, ndio akuambie mwenyewe. Lakini namba yake haiingii."

Nilikaa chini pale pale, kwenye nywele ambazo sikuwa nimefagia.

Kampuni ilinirudishia changu chote. Mimi sina pa kumrudishia baba.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako alitoka nyumbani kwa sababu ulimshuku tu, mpigie leo. Aibu utaizoea.