Mwacheni Mama Apumue

Baba alipofariki, mama aliingia eda, na presha yake ikapanda. Katika watoto wake mimi ndiye niliyebaki Bagamoyo, kwa hiyo mama na presha yake vikawa vyangu.

Nesi wa zahanati alikuja nyumbani kumpima, akatikisa kichwa. Dawa ameze kama kawaida, alisema, lakini na moyo nao upumzishwe, la sivyo tutakuja kuuguza kiharusi. Akamfundisha kupumua: vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo taratibu mpaka sita, robo saa asubuhi, robo saa alasiri. Mama alihesabu kwa punje za tasbihi. Nikaona sasa tumepata nusura.

Tatizo likawa wageni. Kwetu mtu hahani mara moja akamaliza. Anakuja leo, anarudi Ijumaa, anamleta na mkwewe. Na kila anayeingia anauliza, "Ilikuwaje?" Mama anaanza upya: baba alivyorudi msikitini, alivyoomba maji, alivyolalia ubavu wa kulia. Analia, mgeni naye analia, na pumzi zote za asubuhi zimekwenda bure. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Niliwachukia wale watu na pole zao.

Basi nikahamia barazani. Anayepiga hodi namwambia kwa adabu zote, "Shikamoo. Mama anapumua, ametakiwa apumzike." Wengi waliitikia marahaba wakageuza. Shoga yake mama, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu wadogo, alikuwa akija kila alasiri kutoka Kaole na visheti vyake kwenye kikapu. Yeye nilimrudisha mara tatu. "Mwacheni mama apumue," nilimwambia ile ya tatu, na sauti ilinipanda. Aliviweka visheti kizingitini, akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, anune tu, mama kwanza.

Nyumba ikatulia wiki mbili. Mama alipumua asubuhi, akapumua alasiri, hakukosa hata siku moja. Nesi aliporudi kumpima, presha ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nilimwomba apime mkono wa pili. Ikawa ileile.

Nesi alipoondoka, mama aliniuliza, "Mwanangu, watu wamenichoka mapema hivi? Hata nusu ya eda sijafika."

Kumbe siku zote zile anavuta pumzi huku sikio liko mlangoni, na mimi sikumwambia kitu. Nikamweleza ukweli wote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Mimi nikimsimulia baba yenu ndipo kifua kinanifunguka."

Mtu ni watu, nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mtoto, na bado nilikwenda kumfungia mama yangu mlango. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. "Tutakuja, inshallah," waliniambia, ile inshallah ya kumtoa mtu barazani. Wawili walikuja, wakakaa ukingoni mwa mkeka, hawakuuliza ilikuwaje, wakaaga.

Mwisho nikaenda Kaole. Shoga yake mama alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akaniulizia wanangu mmoja mmoja. Niliomba radhi mpaka nikalia mbele yake. Alinipa upande wa khanga yake nijifute.

"Yamekwisha, mwanangu," alisema. "Mwache mama yako apumue."

Niliporudi, mama alikuwa amekaa kitandani na nguo zake nyeupe, tasbihi mkononi. Kabla sijatoka alikuwa ameniambia nitandike ule mkeka mzuri wa wageni.

"Anakuja?" akaniuliza.

"Vuta pumzi, mama," nikamwambia.

Akavuta. Nilihesabu mimi, maana yeye alikuwa anasikiliza mlango.