Kuku wa Mgeni Asiyepokea

Wifi yangu Damari ana ugonjwa usio na dawa: hawezi kuona mtu anatoka nyumbani kwake mikono mitupu. Nasema ugonjwa kwa sababu mimi ndiye jirani yake, ua wake na wangu zinatenganishwa na minyaa tu, na nimeona mengi. Bwana afya alikuja kumtoza faini kwa sababu choo chake hakina mlango. Akaondoka na maboga mawili kwapani, faini ameisahau. Mwizi aliyekamatwa na ndoo yake ya asali alinyweshwa uji kabla mgambo hawajafika, mpaka mwizi mwenyewe akawa analia kwa aibu. Kaka yangu Anselm, ndiye mumewe, hufunga ghala kwa kufuli akisikia hodi. Haimsaidii kitu, maana Damari ana ufunguo wake.

Msidhani ni mjinga, lakini. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wafuga nyuki hapa Itigi. Mizinga yetu iko kule vichakani, ambako ukiingia bila kujua njia unatoka nguo zimebaki kwenye miiba. Damari huingia huko amevaa suruali ya mume wake na hutoka na asali. Miaka yote asali hiyo alikuwa anainunua Melkiori, mchuuzi wa hapa hapa, mwenye pikipiki na maneno mengi. Melkiori alikuwa anatupangia bei huku anachokonoa meno, nasi tunaitikia kama watoto wa darasa la kwanza, kwani nani mwingine angenunua?

Ndipo Damari akasikia kuna kampuni ya Uholanzi inatafuta asali ya porini. Akapiga simu, akatuma chupa za kuonja, akapiga tena. Wakajibu kwamba wanamleta mtu. Basi mwanamke akasimama mbele ya kikundi kizima, na Melkiori yuko pale pale, akamwambia, "Kuanzia leo tafuta asali kwingine."

Melkiori akacheka. "Haya. Nitapita kuwapa pole."

Muelewe hali ilivyokuwa. Ndoo za msimu mzima zilikuwa zimejaa ghalani. Mgeni akiondoka bila kununua, tunarudi kwa Melkiori tumeinamisha vichwa, na wa kwanza kuinamisha ni Damari. Kwa bei atakayotaka yeye, na kwa kejeli juu yake.

Mgeni alikuwa mama wa makamo anaitwa Anneke, mrefu, na viatu kama vya mwanajeshi. Alikuja na Nathan, mtu mzima wa Nduguti, dereva na mkalimani wa kampuni. Alisema atafika saa nne na kweli akafika saa nne, balaa hilo, wengine bado tunafagia. Akashuka, akatupa mkono, akasema kwa kinywa cha Nathan, "Asali iko wapi?"

Jamani! Hata habari za nyumbani? Hata watoto hawajambo? Damu ikanipanda.

"Nathan, mwambie kwanza aulize tumeamkaje."

"Dada Ritha, kwao kumpotezea mwenzako muda ndiko kukosa adabu."

"Na kwenu Nduguti?"

"Kwetu Nduguti tungekuwa bado tunasalimiana mpaka jioni, na asali hatujaiona."

Nikacheka bila kutaka. Yule mama akaingia ghalani na kijiko chake. Anaonja, anainua ndoo kwenye mwanga, anaandika. Nzuri. Nzuri sana. Hii pia. Damari alikuwa nyuma yake anavimba kwa furaha. Halafu wakafika kwenye ndoo ya Febronia, mweka hazina wetu.

"Hii ina moshi," akasema Anneke. "Siichukui."

Basi. Hakuna samahani, hakuna kumvuta mtu pembeni, mbele ya wanawake wote na mbele ya mwenye ndoo. Kwetu sisi mtu angesema "hii tutaizungumza," kisha baada ya wiki amtume shangazi yake kwa shangazi wa Febronia. Febronia akavuta kanga mpaka puani. Na ukweli wenyewe ni kwamba ile asali ilinuka moshi kweli! Tulijua miaka nenda rudi. Febronia anafukiza nyuki kama anatoa mapepo. Lakini nani angemwambia?

Pamoja na hayo, kazi ilikwenda vizuri. Anneke akasema atalala Manyoni, kesho yake arudi na mkataba tutie saini. Akaaga. Na hapo ndipo ugonjwa wa wifi yangu ulipoamka.

Damari akatoka nyuma ya nyumba na mtetea wake mweupe mwenye madoa meusi, kuku aliyefichwa ili Anselm asimwone, amemfunga miguu kwa kipande cha kitenge. Akampeleka kwa mgeni kwa mikono miwili. Anneke akarudi nyuma, mikono yake akaiweka mgongoni.

"Anashukuru sana," Nathan akatafsiri, jasho linamtoka. "Lakini kampuni imewakataza kupokea zawadi kwa mtu wanayenunua kwake. Hata kalamu. Akipokea atafukuzwa kazi."

Wanawake wakaguna. Damari peke yake akatabasamu. Akaja mpaka sikioni kwangu.

"Ameona haya tu," akaninong'oneza.

Na mimi nikaona ni kweli. Kwani mwenye adabu anapokea kitu mara ya kwanza? Anakataa, anasukumwa, anakataa tena kidogo, ndipo anapokea huku analalamika kwamba umejisumbua. Mzungu wa watu alikuwa anajitahidi kuwa na adabu, ila hakuna wa kumsukuma. Basi Anneke alipokwenda kunawa mikono, na Nathan yuko na Anselm wanaongelea mvua, Damari akazunguka gari.

"Wifi, shika mlango."

Nikashika mlango. Kuku akawekwa chini ya kiti cha nyuma, akafunikwa gunia. Tukasimama barabarani tukapunga mkono mpaka gari likapotea. Damari alikuwa na furaha kama aliyeozesha binti.

Asubuhi, kabla hata ya saa nne, gari likarudi. Melkiori alikuwa ameshafika kabla yake, kama alivyoahidi, amekaa juu ya pikipiki yake nje ya uzio. Anneke akashuka uso umeiva kama nyanya. Kwapani ana kuku, amembeba kama mtoto wa mtu asiyemfahamu. Mkono mwingine ana yai.

Nathan akatueleza huku anajiuma midomo asicheke. Kuku alijinasua kwenye kitenge ndani ya gari. Walipofika nyumba ya wageni akatoka, akaingia chumbani akifuata begi bila kuonekana, akaruka ndani ya begi, na alfajiri akataga katikati ya mashati safi. Mwenye nyumba ya wageni akaja mbio kusikia mtu anapiga kelele Kiholanzi.

"Huyu nani alimweka?" akauliza Anneke.

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Mimi," akasema Damari. "Ni zawadi."

"Nilisema hapana."

"Ndiyo, ulisema mara moja tu!"

Nathan alipotafsiri hilo, Anneke akafumba macho. Halafu akafanya kosa lake na yeye, ngoma ikawa droo: akatoa pochi, akatoa noti, akamnyooshea Damari. Kama ni lazima amchukue kuku, basi amnunue.

Mungu wangu! Sijawahi kumwona wifi yangu vile. "Mimi nimekuwa muuza kuku? Nathan, mwambie arudishe pesa zake kabla sijasema neno baya."

Nje ya uzio Melkiori akakohoa. "Akina mama, poleni," akasema taratibu. "Ndoo zipo ngapi huko?"

Febronia, ambaye ndoo yake ilikuwa bado inamuuma, akasema kwa sauti, "Mtu anayekataa kuku wako anakukataa wewe. Bora Melkiori, hata kama anatunyonya, chai anakunywa." Na wengine wakaanza kuguna. Nikaona mkataba unaondoka hivi hivi, na nikasikia uchungu, maana ndoo zangu zilikuwamo humo ghalani.

Damari hakumjibu Febronia. Akamkazia macho Anneke. "Muulize, Nathan. Muulize vizuri. Akimpokea huyu kuku, kwao watu watasema nini?"

Anneke akafikiri, akaweka yai juu ya boneti ya gari, akajibu polepole.

"Watasema," Nathan akatafsiri, "kwamba asali ya Damari si nzuri. Kwamba imenunuliwa kwa sababu ya kuku."

Wifi yangu akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Asali yangu? Inunuliwe kwa sababu ya kuku?"

"Ndivyo watakavyosema."

"Asali yangu mimi?"

Akamnyang'anya Anneke yule kuku. Akachukua na yai. "Toa mkataba," akasema. "Na kuku huyu hutampata hata ukilia." Kisha akasita, kwa sababu alikuwa ameshamtoa, na kitu kilichokwisha kutolewa hakirudi ndani kikawa chako. Hata ng'ombe wa baba yetu wako kwa watu Ilongero, wanakaa zizi la wengine, na kila mtu anajua ni wa nani. Akamgeukia Nathan. "Mwambie kuku ni wake. Atakaa kwangu. Siku atakapoacha kununua asali yangu, aje amchukue."

Anneke akacheka, akadhani ni mzaha. Wakatia saini juu ya meza ya jikoni. Ndoo zote zikachukuliwa isipokuwa ya Febronia. Ile akaipata Melkiori, akaondoka nayo ananuna.

Haukuwa mzaha. Kuku alikaa. Anselm alimtamani Krismasi ya kwanza, akamtamani Krismasi ya pili. Siku moja akajilaza kitandani akasema ana homa, anahitaji supu. Damari akaenda akanunua kuku mwingine sokoni, na homa ikapona bakuli halijaisha. "Huyu ni wa mgeni," alikuwa anasema, na vifaranga wake ni wa mgeni, hata kama Anselm ndiye anayewatafutia mchwa.

Anneke akawa anakuja kila msimu. Akajifunza Kiswahili, akajifunza kuuliza habari za nyumbani, na akishaanza sasa hamalizi, mpaka mimi namwambia twende tukaone asali. Kuku akimpitia miguuni, anasogeza mguu na kusema, "Shikamoo kuku," halafu anaweka mikono mgongoni. Na sisi tukaambukizwa ya kwake. Febronia alipunguza moshi, na asali yake ikawa ya kwanza kusifiwa. Damari naye akaonja utamu wa kusema ukweli. Akasimama kwenye mazoezi ya kwaya akamwambia mwalimu mbele ya watu, "Ile sauti ya tatu ni mbaya, siichukui." Kwaya haikuimba Jumapili mbili.

Mwaka huu Anneke akaja bila gari la kampuni. Nathan alimleta na gari la shemeji yake, siku yake ya mapumziko. Tukasalimiana kwa kirefu, tukanywa chai. Kisha akasema ameacha kazi. Mkataba upo, atakuja mtu mwingine, wameshazungumza naye, tusiwe na wasiwasi.

Damari akaweka kikombe chake chini.

Anneke akasimama, akanyoosha mikono yote miwili. "Dada Damari, nimekuja kuchukua kuku wangu."

Jamani, mimi machozi yakanijia, na si mtu wa kulia lia. Damari akainuka mbio kuelekea bandani. Katikati ya njia akasimama, akageuka, uso mkavu kabisa.

"Ngoja kwanza. Hiyo chupa kwenye mkoba wako ni ya nini?"

"Asali. Nimeichukua pale kwenye rafu yenu, nimpelekee mama yangu. Nitalipa."

"Utalipa?"

"Ndiyo."

"Basi wewe bado ni mnunuzi," akasema Damari. "Samahani sana. Siruhusiwi. Hata kalamu."

Nathan akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Anneke akaangalia chupa, akaangalia banda, akamwangalia Damari. Kisha, taratibu kabisa, akaitoa chupa, akaiweka juu ya benchi.

"Sinunui."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Febronia, umesikia? Wifi, umesikia?" Tukasema tumesikia. Ndipo akaenda, akarudi na yule mtetea, sasa ni kuku mzima aliyelea vizazi, miguu imefungwa kitenge. Akamtoa kwa mikono miwili. Anneke akampokea kwa mikono miwili, akakunja na magoti kidogo kama tunavyofanya sisi, akamkumbatia kifuani.

Machozi hayakudumu. Damari akapangusa macho kwa kanga, akatupia jicho mkoba wa mgeni, nikajua ugonjwa umepanda. Chupa ya asali ikarudi mkobani. Ikafuata ya pili. Yakafuata mayai ndani ya pumba, na maboga.

"Dada Damari, inatosha!" akapiga kelele Anneke. "Hapana, kweli, inatosha!"

Damari akakumbatia jogoo mkubwa wa Anselm, akaanza kuzunguka gari.

"Ameona haya tu," akaninong'oneza. "Wifi, shika mlango."