Kioo Kati ya Bimkubwa na Askari

Shemeji yangu ni fundi vioo, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Akikuwekea kioo dirishani, siku ya kwanza wageni wako wanapitisha mkono wakidhani hakuna kitu. Kwa maneno, lakini, ni bahili kupita kiasi. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha kwa wazazi, alikaa kimya akikagua madirisha yetu, na kabla ya kuondoka akatuambia moja linahitaji kubanwa.

Dada yangu alimpenda hivyo hivyo. Walipooana walikuwa chanda na pete. Kisha dada akapata kazi ng'ambo, ya kuwatunza wazee kwenye nyumba yao moja kubwa, wakakubaliana aende kwa mkataba mmoja tu. Mkataba ukaisha, ukaja wa pili. Shemeji hakulalamika. Alibaki na vyumba viwili, karakana ya uani, na samaki wa dada.

Samaki huyo tunamwita Bimkubwa. Ni mpana kama sahani, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, na jeuri yake haina mfano. Ukitia mkono kusafisha tangi, anauma. Akikasirika anachota kokoto kwa mdomo na kuzitema kiooni mpaka unafikiri kuna mtu anabisha hodi. Dada alimlea tangu akiwa mdogo kama kidole gumba, na alipoondoka aliacha agizo moja: nikirudi nimkute.

Basi shemeji akaamua kwamba Bimkubwa ni mpweke. Mimi nashona nguo mlango wa pili, kwa hiyo nilimsikia akilizungumza jambo hilo na fundi mwenzake. Nikamwambia, shemeji, hapa mwenye upweke tunamjua, wala hana mapezi. Akajitia hamnazo. Akatengeneza tangi jipya lililochukua ukuta mzima wa sebule, kochi likahamia chumbani, na kutoka kwenye ofisi moja aliyokuwa akiitengenezea madirisha akapewa samaki ambaye wenyewe walikuwa wamemchoka. Huyo ni mrefu, wa rangi ya fedha, madoadoa meusi mwili mzima, taya limechomoza mbele. Alikuwa amewala wenzake wote wa ofisini. Mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake. Shemeji alimleta nyumbani, tukamwita Askari.

Hakuwa mjinga wa kuwatumbukiza pamoja. Aliweka kioo katikati ya tangi, mmoja huku mwingine kule, waonane kwanza, wazoeane, ndipo akiondoe. Na kwa kuwa ni fundi wa kweli, alikisugua kioo hicho kisiwe na doa wala mkwaruzo. Ungeapa hakuna kitu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tangu asubuhi ya kwanza walisimama uso kwa uso. Kila mmoja alimwona mvamizi yupo pale pale, na kila akimrukia anagonga kioo. Bimkubwa alitanua mashavu na kupiga kwa mdomo, Askari akajibu, maji yakarukia sakafuni. Mdomo wa Bimkubwa ukavimba, ukachubuka ukawa mweupe, akaacha kula. Shemeji akadhani pengine kioo kimeingia ukungu ndiyo maana hawafahamiani, akakisugua tena.

Dada aliuona mdomo ule kwenye simu ya video, na tangu siku hiyo akawa anapiga kila siku, yeye ambaye awali alipiga mara moja moja. Amekula? Uvimbe umepungua? Amelala upande gani? Na shemeji, yule bahili, akawa anaeleza. Nilikuwa kwenye cherehani yangu nikimsikia anasimulia jinsi samaki alivyogeuka, jinsi alivyokitazama chakula akakikataa, jinsi Askari alivyomsonya. Alitia na chumvi. Mara nyingine nilimsikia akicheka. Ana mgonjwa ndani ya nyumba na uso umenawiri.

Hata hivyo Bimkubwa alizidi kudhoofu, na roho ya shemeji ikawa juu. Akaniomba nimsindikize kwa mama mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kilichowatenganisha ni kitu gani. Shemeji akaanza kukisifu kioo chake. Mama akamkatiza.

"Fundi, hicho kioo chako ndicho mchonganishi," alisema. "Unawaonyesha adui mchana kutwa, halafu unawazuia. Wazibe wasionane. Wakishapona na kula, watoe wote wawili, panga upya mawe na vyungu, kila mmoja akirudi ajione mgeni."

Akaonya pia kwamba samaki wa aina hizo hawawi marafiki. Wakipatana, ni kwa kuachana tu, kila mtu na upande wake.

Shemeji alikipaka kioo chake rangi nyeusi. Ungemwona mkono ulivyokuwa mzito ungedhani anamzika ndugu. Lakini Bimkubwa alianza kula, mdomo ukajaa ngozi mpya. Hatimaye wote wawili wakatolewa, mawe yakahamishwa, vyungu vikalazwa huku na kule, kizuizi kikaondolewa, wakarudishwa. Tuliketi mbele ya tangi tumekaa chonjo, wavu mkononi. Walikutana katikati, wakatanuliana mashavu, wakazungukana. Askari ndiye aliyegeuka kwanza, akaingia nyuma ya chungu chake. Tangu hapo husukumana kidogo wakati wa chakula, basi.

Dada alifurahi mno. Na simu zikapungua. Akipiga anauliza kama samaki wapo, shemeji anajibu wapo, dada anasema alitaka kujua hilo tu. Simu ikikatika shemeji anabaki ameishika. Akaanza kukaa mbele ya tangi kila akitoka karakana, anakodoa macho. Siku moja Askari alimparura Bimkubwa gamba moja, nikamwona shemeji uso unachangamka. Hasira zikanipanda. Nilitaka kumtikisa, na nilitaka kulia pia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimemkumbuka dada yangu.

Jumapili moja mchana nilikuwa sebuleni kwake nikimpimia pazia, simu ikalia. Dada alisema wamempa mkataba wa tatu, na kesho wanataka jibu. Shemeji akasema, aha. Dada akauliza kama samaki hawajambo.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, shemeji, sema.

"Leo usiniulize samaki," akasema. "Niulize mimi."



"Naogopa kukuuliza," dada alisema. "Samaki naweza kuwaulizia nikarudi kwa wazee wangu nikafanya kazi. Wewe ukiniambia hali ni mbaya, nitafanyaje huku?"

"Niulize hivyo hivyo."

"Haya. Unaendeleaje?"

"Vibaya," shemeji akajibu. "Nimekukumbuka mpaka nyumba hii siiwezi."

Mimi nilikuwa juu ya kiti, nimeshika utepe wa kupimia, nikageukia ukutani. Nilimsikia dada akipenga kamasi. Akauliza, polepole, kama ule upande wake wa kitanda shemeji ameshauwekea vitu.

"Sijaweka kitu."

"Basi usiweke," dada akasema.